REKO SI DAKTARI MDOGO



Tuliporudi kutoka konje tulibishana katika bweni. Mmoja alisema: «Reko wa kwetu anatoa dawa, kwa nini hapigi sindano?» Mwingine akajibu: «Yule ni mulimaji tu sawa baba yangu. Atajua nini?» Tulipofikiri vizuri tuliona kwamba wote wawili wanakosa. Ndiyo sababu tunaandika habari hii.

Reko ni nani?

Reko ni kifupi cha jina la Kifaransa, maana yake mtu wa kupokezana habari kati ya kijiji na kituo cha afya. Anachaguliwa na watu wa kijiji chenyewe. Anakaa pale, analima pale, watoto wake wanasoma pale. Inampasa kujua kusoma na kuandika, na kuwa mtu ambaye mama anaweza kumwamsha usiku bila kuogopa. Hana mshahara wa kila mwezi. Ni mtu wa kujitolea.

Kuna reko wa namna mbili. Wa kwanza anapita nyumba kwa nyumba: anakumbusha siku ya chanjo, anaongea juu ya maji safi, choo na chandarua, tena anapeleka habari kituoni akiona ugonjwa usiojulikana. Wa pili anafanya hayo na zaidi: anatunza watoto wadogo, chini ya miaka 5, katika vijiji vilivyo mbali na kituo, kupita kilometa 5, ao vilivyotengwa na mto. Sisi wa Kasongo na Kabambare tunaelewa upesi. Mvua ikinyesha na Luama ikijaa, kilometa 5 zinakuwa safari ya siku nzima.

Anafundishwa nini?

Mafundisho yake ni ya siku chache, kwa hiyo anafundishwa mambo machache, lakini ayajue kabisa.

1. Homa. Anachoma kidole, anatia tone la damu katika kipimo, anangoja dakika 15 hivi. Ikionekana malaria, anatoa dawa kwa kadiri ya umri na uzito.

2. Kuhara. Anatoa zinki ya siku 10 na pakiti ya chumvi ya kuchanganya na maji safi litri 1. Hapa wengi wanakosa: chupa ya bia haifiki litri. Ukimwaga pakiti nzima ndani yake, maji yanakuwa na chumvi nyingi mno kwa mtoto.

3. Kikohozi. Anahesabu pumzi kwa dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 ao zaidi ni hatari. Kwa wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 ao zaidi.

4. Kukonda. Anazungusha utepe wa rangi katika mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Rangi nyekundu, chini ya milimita 115, maana yake mtoto aende kituoni upesi.

La tano ndilo kubwa: kujua mahali pa kusimama. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayelala bila kuamka vizuri, ao ambaye hajafika miezi 2 na ni mgonjwa, reko hamtunzi nyumbani. Anaandika karatasi na kumtuma kituoni saa ileile. Watu wengine wanakasirika: «Anatuficha dawa!» Hapana. Kumtuma mgonjwa mapema njo dawa yenyewe.

Kasongo ilitufundisha nini?

Katika miaka ya 1970 waganga wa Kasongo, pamoja na shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Anvers, Ubelgiji, walijaribu namna ya kutunza watu karibu na makwao: vituo vya afya vilivyoshikamana na hospitali moja, na watu wa vijiji wakishauriwa. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba matunzo ya kwanza yaanzie pale watu wanapokaa. Mwaka 1981 Kasongo ilisomwa duniani kote katika gazeti la waganga, The Lancet. Waliandika kwamba faida ya watoto waliochanjwa surua ilionekana kupungua kadiri walivyokua, kana kwamba aliyeponyoka surua alikamatwa na ugonjwa mwingine. Wataalamu wengine walibisha baadaye, na tunajua kwamba chanjo ya surua imeokoa watoto wengi sana. Katika mlipuko uliopiga nchi yetu mwaka 2019 na 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto.

Lakini swali lile lilikuwa zuri: aliyeponyoka surua, nani atamwangalia kesho akihara? Muuguzi hawezi kuwa katika kila kijiji. Reko yuko.

Na sisi?

Reko peke yake hafiki mbali. Kama muuguzi hapiti kuangalia daftari lake, anasahau. Kama sanduku lake ni tupu, watu wanaacha kumwamini, na kesho hata akisema kweli hawamsikii. Tena anapokwenda kuhesabu pumzi za mtoto wa jirani, shamba lake la mpunga linamngoja.

Sisi wanafunzi tuna nguvu na tunajua kusoma. Konje inayokuja, tumsomee maandishi ya Kifaransa yaliyo magumu kwake. Tumsaidie kuandika daftari. Tubebe mgonjwa kwa kinga. Siku moja ya kupalilia katika shamba lake ni msaada pia. Na mzazi akikataa karatasi ya kwenda kituoni, tumwambie kwa heshima: «Mama, reko hakukufukuza. Amekuonyesha njia.»