Mashine Husafisha Damu, Moyo Watakiwa Kutunzwa

Ndugu Wanachama,

Mtu aliyekufa mafigo aweza kuishi miaka mingi kwa mashine ya kusafisha damu. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine ya namna hiyo mwaka 1943, na leo kazi hiyo yafanywa Mnazi Mmoja, Muhimbili, na Bugando kule Mwanza. Lakini jambo moja halijulikani sana: wengi wa wagonjwa hawa, mauti yao huja kwa njia ya moyo. Yafaa jamaa zao wajue sababu.

Kwanza ni damu yenyewe. Kazi ya figo si kuchuja tu. Hutoa pia erithropoetini, ambayo huuamrisha uboho wa mifupa ufanye chembe nyekundu za damu. Figo ikifa, amri hiyo hupungua. Mgonjwa hupauka, huchoka na kutweta, na moyo hulazimika kupiga kwa nguvu hata ukuta wake ukanenepa. Sindano za erithropoetini zimekuwako tangu 1989, nazo hupigwa pamoja na dawa ya madini ya chuma. Hata hivyo, si vizuri kutaka damu ijae kama ya mtu mzima wa afya. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, juu ya wagonjwa wa figo wenye kisukari, ulionyesha kuwa waliopandishwa damu mno walipatwa na kiharusi zaidi. Basi daktari akiridhika na kipimo cha 10 au 11, msimlaumu.

Pili ni maji na chumvi. Kwa kawaida mgonjwa husafishwa damu mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara. Siku za katikati, maji anywayo hubaki mwilini, presha hupanda na moyo hutanuka. Chumvi huleta kiu. Apunguziwe chumvi kwanza.

Tatu ni chakula. Tazameni Chonyonyo, huko Karagwe mkoani Kagera, ambako ndizi na maharage ni chakula cha kila siku. Ndizi ina potasiamu nyingi. Ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo ghafula. Maharage yana fosforasi, ambayo ikirundikana husaidia chokaa kuganda katika mishipa. Mgonjwa wa huko, ambaye njia ya kwenda Bugando ni mamia ya kilomita, akikosa zamu moja yumo hatarini. Nasi wa visiwani tusijione salama: madafu yetu yana potasiamu vilevile, na dagaa wana fosforasi. Ndizi au muhogo wa mgonjwa ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, na maji yale yamwagwe. Kiasi cha kula aulizwe daktari.

Neno juu ya zao letu. Karafuu chache katika pilau hazina neno. Lakini mafuta ya karafuu msimnyweshe mgonjwa huyu kama dawa, maana huweza kuzuia damu kuganda, naye hutiwa dawa ya namna hiyo kwenye mashine.

Mwisho, presha na kisukari ndivyo viharibuvyo mafigo ya wengi. Kabla ya kupanda mikarafuu msimu ujao, kila mwanachama apimwe presha. Ikifika 140 kwa 90, asingoje kuumwa, amwone daktari.

Wenu mtiifu,
Katibu