Safari ya Ndege Kutoka Nairobi Hadi New York: Maili na Saa Zake

Mwezi wa Septemba, 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda Marekani kusoma, kwa juhudi za Bwana Tom Mboya. Ndege yao haikuwa na budi kutua njiani. Tarehe 28 Oktoba, 2018, shirika la Kenya Airways lilianza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, isiyotua po pote.

Umbali wake ni yapata maili 7,350, yaani kilometa 11,800. Mtu aitazamaye ramani iliyotandikwa mezani atadhani ya kuwa njia iliyonyoka huiacha Afrika katika pwani ya Mauritania. Lakini dunia ni mviringo. Akivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi hadi New York, uzi huo utapita kaskazini zaidi, juu ya jangwa la Sahara, na kuiacha Afrika huko Moroko. Hiyo ndiyo njia fupi kupita zote, ingawa rubani huweza kuikengeuka kidogo kwa ajili ya hali ya hewa.

Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14, hali maili ni zile zile. Sababu yake ni upepo. Juu sana, yapata futi 35,000, katika Atlantiki ya kaskazini, huvuma upepo wa nguvu utokao magharibi. Ndege iendayo hukutana na upepo wa omo, kama wasemavyo mabaharia. Irudiyo husukumwa nao.

Jambo liwatatizalo watu zaidi ni saa zenyewe. Saa zilizoandikwa katika tikiti ni za mji ule ndege ilipo, wala si za Nairobi tu. Tangu mapema Novemba hadi Machi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Miezi mingine ni saa saba, maana huko watu husogeza saa zao mbele. Basi, tikiti ya Januari ikisema kuondoka 23:25 na kufika 06:25, mwenye haraka atahesabu saa saba tu. La, ni kumi na tano. Ndege ikigusa ardhi New York, Nairobi ni saa nane na dakika 25 mchana. Mama angojeaye simu ya mwanawe tangu alfajiri asiingiwe na hofu: alfajiri hiyo huenda ndege hata haijaiacha Afrika.

Tena, tikiti huhesabu saa tangu usiku wa manane, si tangu jua kuchomoza, na tarehe hubadilika papo hapo saa sita za usiku. Hapa ndipo wengi wanapopoteza nauli, katika safari yo yote. Tikiti isemayo 00:30, tarehe 5, ni ya usiku wa kuamkia tarehe 5. Ajaye usiku unaofuata, na mizigo yake mkononi, atakuta kiti chake kilikwenda kitupu. Kwa kuwa wasafiri waendao nchi za mbali hutakiwa kuwapo uwanjani saa tatu kabla, mtu huyo yampasa kufika Embakasi saa tatu na nusu usiku, tarehe 4.