Nungu-Bahari Ndani ya Kioo: Utunzaji wa Mnyama wa Mwamba Nyumbani

Kufuga samaki ndani ya tangi la kioo ni jambo lililozoeleka katika miji mingi. Kuufuga mwamba wenyewe, yaani matumbawe hai, mawe yake, maji yake ya chumvi na viumbe wasio na uti wa mgongo wanaouhudumia, ni jambo jingine kabisa, na lina wapenzi wake hasa katika Marekani, Ulaya na Japani. Miongoni mwa viumbe hao yumo yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, ambaye aliyewahi kutembea ufuoni pwani ya Kenya wakati wa maji kupwa anamjua, aghalabu kwa sababu aliwahi kumkanyaga. Wavuvi wana majina yao ya kumwita, nayo hutofautiana kutoka pahali hadi pahali. Makala haya yanatumia jina nungu-bahari, kwa mfano wa jongoo-bahari, kwa kuwa umbo la mnyama linalitosheleza jina hilo bila ya ufafanuzi zaidi.

Makala yananuia kueleza jinsi mnyama huyu anavyotunzwa nyumbani. Yanashikilia kwamba hatari kubwa inayomkabili ndani ya kioo si maradhi wala samaki wakali, bali ni kazi yake mwenyewe pindi anapoimaliza.

Kinywa na Miguu

Nungu-bahari hana kichwa. Gamba lake ni la chokaa, nalo limefunikwa kwa ngozi nyembamba na kupandwa miiba inayogeuka huku na huku kwenye vifundo vyake. Kati ya miiba huchomoza mamia ya vijiguu laini vyenye vikombe vidogo nchani, vinavyoendeshwa kwa msukumo wa maji yanayopita katika mirija ndani ya mwili. Kwa vijiguu hivyo huweza kupanda kioo wima kama mjusi apandavyo ukuta.

Kinywa kiko upande wa chini. Ndani yake mna chombo chenye meno matano ambacho wataalamu hukiita taa ya Aristotle, kwa kuwa mwanafalsafa huyo wa Kiyunani alitumia mfano wa taa alipomweleza mnyama huyu katika maandishi yake kuhusu wanyama. Meno hayo hukua maisha yote, maana husagika maisha yote. Nungu-bahari hali mwani kwa kuuchuma tu. Huukwangua pamoja na ngozi ya juu ya jiwe. Usiku, ambapo ndipo wengi wao huwa na shughuli zaidi, mfugaji mwenye kurunzi huweza kumwona kinywa kikifunguka na kufunga dhidi ya kioo, na asubuhi akakuta njia nyeupe mahali palipokuwa na mwani wa chokaa wenye rangi ya zambarau.

Si kila aina ifaayo nyumbani. Mwenye miiba mirefu myeusi, Diadema setosum, ambaye ni wa kawaida katika bahari ya Afrika Mashariki, huhitaji tangi kubwa mno, na miiba yake huvunjikia ndani ya nyama ya mkono. Echinometra mathaei, naye mwenyeji wa pwani hiyo hiyo, ana tabia ya kuchimba jiwe alimolala. Toxopneustes pileolus, mwenye vikoleo vinavyofanana na maua, ana sumu kali na hastahili kuguswa kamwe. Anayependwa zaidi na wafugaji ni Mespilia globulus, mdogo, kipenyo chake takriban sentimita 5, mwenye mistari mipana ya samawati inayong'aa kama mahameli. Huyu ana mazoea ya kujitwika vipande vya kombe, majani ya mwani na hata vijitumbawe ambavyo havikugandishwa vyema kwenye jiwe. Mfugaji asiyejua tabia hiyo hutafuta tumbawe lake la bei ghali siku tatu, kumbe limo safarini.

Maji

Samaki wengi wa baharini huweza kurekebisha kiasi cha chumvi mwilini. Nungu-bahari hawezi. Maji yaliyo nje yake ndiyo, kwa kiasi kikubwa, yaliyo ndani yake. Ndiyo maana mabadiliko ya ghafla ambayo samaki angeyastahimili humwua yeye. Chumvi inapasa kuwa karibu gramu 35 kwa kila lita, kama ilivyo baharini, na joto liwe baina ya nyuzi 24 na 26. Lakini kuliko tarakimu zenyewe, la muhimu ni zisiyumbe. Maji ya tangi hugeuka mvuke kila siku ilhali chumvi hubaki. Basi kinachoongezwa kila siku ni maji baridi yaliyochujwa, wala si ya chumvi. Kosa hili dogo, la kuongeza chumvi juu ya chumvi, limewaangamiza wengi.

Kwa sababu hiyo hiyo mnyama aletwapo hatumbukizwi mara moja. Huwekwa ndooni na maji aliyosafiri nayo, kisha maji ya tangi hudondoshwa humo tone baada ya tone kwa mpira mwembamba, muda wa saa moja hadi mbili. Tangi nalo liwe limekomaa. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, huhitaji majuma kadhaa kujijenga. Mwani wa kumlisha mkwanguaji huhitaji miezi. Wafugaji wenye uzoefu hungoja nusu mwaka. Madini ya kalisi pia hupimwa, kwani bila hayo gamba na miiba havijengeki. Dawa za samaki zenye shaba ni mwiko katika tangi hili: kiasi kidogo tu huua viumbe wasio na uti wa mgongo, na mawe yaliyonyonya shaba huendelea kuitoa baadaye.

Chakula

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Nungu-bahari hununuliwa kama mfanyakazi. Muuzaji humsifu kwamba atasafisha kioo, na kweli husafisha. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Nungu-bahari hupewa siku ya kwanza, tena bila ya yeyote kuuliza atakula nini shamba likiisha. Kufikia mwezi wa pili au wa tatu mawe yamekuwa meupe, mwenye tangi anafurahia usafi, na mnyama ameanza kufa njaa. Kufa kwake ni kwa polepole na hakuna kelele. Kwanza hukwangua mwani wa chokaa hata asioupenda, kisha huzunguka mchana na usiku. Hatimaye vijiguu hushindwa kushika kioo, miiba hulala, halafu hudondoka. Mwiba mmoja au miwili ikianguka si neno, maana huota tena. Ikianguka kwa wingi, aghalabu wakati wa kumwokoa umepita. Maiti yake iondolewe upesi, kwa kuwa huchafua maji kiasi cha kuwadhuru waliobaki.

Tiba ni rahisi hata inashangaza kwamba hupuuzwa. Karatasi za mwani uliokaushwa, zile zile zinazotumiwa na Wajapani kufungia wali, hufungwa kwenye jiwe kwa uzi wa mpira na kuwekwa karibu naye mara mbili au tatu kwa juma. Ziwe hazina viungo wala mafuta. Mnyama hupanda juu yake na kukaa hapo hadi aimalize. Aidha, tangi la lita mia moja na ushei lina chakula cha nungu-bahari mdogo mmoja. Kuongeza wa pili ni kuwagawia njaa.

Kuna anayeweza kuuliza: mbona baharini hawalishwi na mtu? Jibu limo katika miamba ya Kenya yenyewe. Tafiti za T. R. McClanahan na wenzake, zilizoanza katika miaka ya 1980, zilionyesha kwamba palipovuliwa kupita kiasi nungu-bahari waliongezeka mno na kuutafuna mwamba wenyewe, ilhali ndani ya hifadhi za bahari walikuwa wachache. Tofauti ililetwa hasa na samaki aina ya kikande, Balistapus undulatus, awalaye na kuwapunguza. Upande wa pili wa mizani ulionekana katika Karibea. Mwaka 1983 maradhi yaliyoonekana kwanza Panama yaliua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema antillarum katika eneo hilo. Mwani ukatamalaki, hasa Jamaika, ambako uvuvi wa kupindukia na vimbunga vilikuwa vimekwisha kuudhoofisha mwamba. Tangi la nyumbani halina kikande, halina mkondo wa kuleta mwani kutoka kwingine, wala nafasi ya mwenye njaa kuhama. Majukumu hayo yote humwangukia mwenye kioo.

Mnyama Anapoizidi Nyumba

Baadhi yao hukua kuliko ilivyotazamiwa, na matumbawe huangushwa kila usiku. Mwenye kuishi Mombasa au Kilifi hushawishika kumchukua ufuoni bila gharama na kumrudisha hapo hapo akimchosha. Mambo yote mawili hayafai. Kukusanya viumbe ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama Malindi, Watamu na Mombasa kumepigwa marufuku, na biashara ya viumbe wa mapambo nje ya hifadhi huhitaji leseni. Ama kumrudisha, kuna hatari kubwa zaidi. Mnyama aliyekaa tangi moja na viumbe kutoka bahari za mbali huenda amebeba vijidudu vyao. Mwaka 2022 nungu-bahari wa Karibea walianza kufa tena kwa wingi, na mwaka 2023 wanasayansi wakatangaza kwamba kiini chake ni kijidudu cha seli moja. Mwaka huo huo wa 2023 vifo vya namna hiyo viliripotiwa miongoni mwa Diadema setosum katika Bahari ya Shamu, na nungu-bahari wa kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, nao walikumbwa. Kwa hiyo anayeshindwa kumtunza humpa mfugaji mwenye tangi kubwa lililojaa mwani, au humrejesha kwa muuzaji. Na maji ya ndoo aliyosafiria humwagwa mahali pasipoelekea baharini.