Makaroni ya kamba na jibini: hatari haiko kwenye maziwa

Makaroni ya kamba na jibini si chakula cha hotelini tu siku hizi. Hapa Tanga wapo wanaoyapika nyumbani, na wazazi huniuliza: je, vyakula vya baharini vikichanganywa na maziwa au jibini haviwi sumu, au kumletea mtoto mabaka meupe?

Jibu ni hapana. Mabaka meupe yana sababu zake, kama fangasi wa ngozi. Mambo yanayoumiza watu ni haya matatu.

Joto. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Ukinunua kamba au samaki soko la Deep Sea asubuhi, usizunguke nao mjini hadi adhuhuri. Nenda na ndoo yenye barafu, na jua likiwa kali wasikae nje zaidi ya saa moja. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mlaji huwashwa, uso humpata moto, kichwa humuuma na moyo humwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja.

Mzio. Mzio wa kamba, kaa au ngisi unaweza kuanza hata kwa mtu mzima aliyewala miaka mingi, na kupika hakuuondoi. Mtoto anayeonja kwa mara ya kwanza mpe kidogo, tena mchana, si karibu na kulala. Midomo au ulimi ukivimba, akipumua kwa shida, sauti ikikauka, au akitapika na kulegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Anahitaji sindano ya adrenalini. Usimnyweshe maziwa, na usikae nyumbani kusubiri kidonge cha mzio kifanye kazi.

Jibini. Tanga tuna bahati ya maziwa mengi, lakini jibini ya maziwa mabichi inaweza kubeba vijidudu vya brusela, na listeria ambayo huweza kuharibu mimba. Nunua iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopitishwa kwenye joto kiwandani, iliyotunzwa kwenye friji. Jibini ina chumvi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi kwenye rojo.

Kupika kwenyewe ni rahisi. Chemsha makaroni. Kaanga kitunguu, thomu na nyanya kwa mafuta kidogo hadi rojo iwe nzito. Kamba waliomenywa na kutolewa utumbo watie mwishoni. Dakika tatu hadi nne zinatosha, nyama ikigeuka nyeupe na waridi mpaka ndani. Ukitumia kombe wa magamba, wasiofunguka baada ya kupikwa watupe. Changanya makaroni, zima moto, kisha nyunyiza jibini, ndimu na pilipili manga.

Kisu na ubao uliokatia kamba wabichi uoshe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa moja, kesho kipashwe mara moja tu hadi kitoe mvuke. Kama umeme ulikatika usiku kucha, kitupe. Chakula cha aina hii hakitoi harufu kila kinapoharibika, kwa hiyo usikiamini kwa kukinusa.