Miti Inapowaponza Bata wa Nyikani

Bata mwitu wengi wa Amerika Kaskazini huzaliwa katika nyika yenye vidimbwi tele vilivyoachwa na barafu ya kale, kuanzia Alberta na Saskatchewan nchini Kanada hadi Dakota na Iowa nchini Marekani. Wengi wao hutaga chini, katikati ya nyasi.

Bata jike wa jamii ya kichwa-kijani hutengeneza kishimo kwa kuzungusha mwili wake, hukitandika majani makavu na manyoya laini anayojinyofoa kifuani, kisha huatamia peke yake kwa muda wa siku 28 hivi. Akitoka kwenda kula, huyafunika mayai kwa manyoya hayohayo, yasipoe wala yasionekane. Hana kinga nyingine ila kujificha.

Miti humharibia maficho hayo. Kunguru na mwewe hutua matawini wakachungulia nyasi zote zilizo chini. Rakuni hushinda kwenye mapango ya miti, giza likiingia hushuka kutafuta mayai. Bundi mkubwa mwenye pembe humkamata mama mwenyewe akiwa ameatamia, na hapo kizazi kizima hupotea. Hasara hiyo si ndogo: watafiti wa Dakota Kaskazini walikadiria kuwa idadi ya kichwa-kijani haiwezi kudumu mahali ambapo viota vinavyoangua havifiki 15 kati ya 100.

Zamani miti ilikuwa haba huko, kwa sababu moto na makundi ya baisani viliizuia kuota. Walowezi wakazima moto, baisani wakauawa karibu wote. Kisha, wakati wa dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipanda zaidi ya miti milioni 200 ya kukinga upepo, kuanzia Dakota Kaskazini hadi Texas. Nia ilikuwa njema, kwani udongo ulikuwa ukipeperuka. Lakini bata hawakufikiriwa.

Vichaka ni habari nyingine. Vile vifupi vya asili, kama waridi mwitu, haviwafai mwewe kwa kutua, na kichwa-kijani hupenda kutaga humo. Bata mkia-mrefu, kwa upande wake, hupendelea nyasi fupi zilizo wazi. Wapo pia bata wanaotaga ndani ya mapango ya miti, ila makao yao ni misitu ya kando ya mito na maziwa.

Kwa hiyo anayetaka bata waongezeke nyikani asiwapandie miti. Aikate iliyovamia, aruhusu moto wa kudhibitiwa na malisho ya kiasi, na vichaka vifupi vya asili aviache.