Pampu inatoa viputo, mbona samaki wanahema?

Umewahi kusimama kwenye daraja la Sabaki mvua zikiwa zimekolea? Maji ni kahawia tupu, yamebeba udongo kutoka bara, mto ukiitwa Athi, kisha Galana, kabla ya kumwaga kila kitu baharini karibu na Malindi. Sasa chukulia umejaza maji hayo kwenye kidimbwi chako cha tilapia. Umewasha pampu, viputo vinapanda kwa fujo. Kazi imeisha, sivyo? Hapana bwana.

Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, kwa joto la nyuzi 28, hushika takriban miligramu 8 tu za oksijeni. Lita ya hewa ina zaidi ya mara 30 ya hiyo. Kwa hivyo hewa tunayo. Kibarua ni kuivusha kwenye ngozi ya kiputo iingie majini. Kigawe kiputo cha sentimita 1 kiwe viputo vya milimita 1: utapata 1,000, hewa ni ile ile, lakini ngozi imeongezeka mara 10. Tena vidogo hupanda polepole, vikapata muda wa kushusha mzigo.

Udongo unaingilia wapi? Hapa ndipo patamu. Chembe zingine husaidia. Unga laini wa makaa, kwa mfano, hujibandika kwenye kiputo, ukabeba gesi na kuishusha ndani ya maji, kama tuktuk inayotoa abiria steji na kuwapeleka mtaani. Lakini chembe zikizidi, maji yakawa kama uji, viputo huungana, vikawa vikubwa na kuchomoka juu mbio. Hiyo sasa ni matatu iliyopita steji bila kusimama.

Si hadithi ya vidimbwi pekee. Kule Sasolburg, Afrika Kusini, tangu 1993 kampuni ya Sasol imekuwa ikipitisha gesi kwenye nta ya moto iliyochanganywa na unga wa kichocheo ili kutengeneza nta zaidi. Unga ukiwa kidogo, kazi inazorota. Ukizidi, viputo vinavimba.

Kidimbwi chenye rangi ya chai hakijafikia uzito wa uji, usiogope. Hapo udongo hukuumiza kivingine: huziba jua, mwani ukashindwa kutengeneza oksijeni mchana, na usiku bakteria wanaokula mabaki ya chakula humaliza ile kidogo iliyobaki. Ndiyo maana samaki huja juu kuhema alfajiri.

Uji wenyewe uko chini, kwenye tope. Lile jiwe la pampu lenye vitundu likizama humo, vitundu huziba na hewa hutoka kwa mabonge. Ule mchemko mkubwa unaouona juu, ukadhani mambo ni safi, mara nyingi ndio dalili yenyewe.

Basi kabla hujatoa pesa ya pampu kubwa, livute jiwe ulioshe, ulining'inize juu ya tope. Maji ya mto nayo yatulize kwanza kwenye tangi. Kesho amka kabla ya jua, uone samaki wako wapi.