Dania, Meli ya Mifugo Iliyogeuka Makao ya Samaki

Dania haikuzama kwa dhoruba. Ilikuwa meli ya kubeba mifugo, na ilipomaliza kazi ikasafishwa, ikaandaliwa kwa ajili ya wazamiaji, kisha mwaka 2002 ikazamishwa kusudi nje ya mwamba wa Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Imesimama wima mchangani, mita 30 hivi chini.

Kwamba haikuzama kwa msiba ndiyo sababu naipenda. Unguja wana Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa bandarini inatengenezwa. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani. Wapo wanaoizamia. Mimi, nikiwa likizoni, sitaki kuogelea juu ya msiba wa watu.

Kwa Dania mimi huenda wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu. Kiongozi wetu, kijana wa hapo hapo pwani, hurudia neno moja kabla hatujajitosa: "Dada, usibane pumzi." Si mzaha. Kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kwenye mita 30 ni mara nne. Mtungi huko chini hudumu robo tu ya muda ambao ungedumu karibu na uso wa maji. Na hewa uliyoivuta huko, ukipanda umeibana, hutanuka mpaka ikachana mapafu.

Unashuka ukifuata kamba, umebana pua na kupuliza taratibu ili masikio yazibuke. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea. Mkanda wangu mwekundu hugeuka kijivu. Halafu kiza kinajikusanya chini, kinakuwa mlingoti, kinakuwa sitaha. Kolekole wanazunguka kwa kundi, chewa amejibanza kwenye uwazi wa chuma, mkunga anachungulia. Matumbawe yamefunika vyuma hata sijui kilichokuwa ngazi. Ndani siingii: tope likitibuka humwoni hata mwenzako, na kuna mafunzo maalumu ya kazi hiyo.

Dakika 20 hivi zinatosha. Zaidi ya hapo mwili umenyonya nitrojeni nyingi mno, na ukipanda kwa pupa inatoka mwilini kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Wengine hubaki na maumivu ya viungo, wengine hupooza. Ndiyo maana tunaning'inia dakika tatu kwenye mita 5, tukitazamana tu.

Kwa sisi wa Nairobi kuna jambo la ziada. Kanuni ya kupanda ndege baada ya kuzamia inajulikana: subiri angalau saa 12 ukiwa umezamia mara moja tu, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Lakini Nairobi kwenyewe ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako mkandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo hata anayepanda treni asitoke majini na kukimbilia stesheni. Siku yangu ya mwisho pwani huwa ya mahamri na mbaazi.